Jumamosi Bila Pipi

21 Juni
Upepo mwepesi wa kusini, jua kali. Miaka thelathini nimeendesha kivuko cha magari kati ya kisiwa chetu na bara, na kila asubuhi kazi ilianza kwa kuandika hali ya hewa. Nimestaafu, lakini mkono haujastaafu. Basi naendelea, na kwa kuwa sasa hakuna mkubwa wa kunisoma, nitaandika na ya watu.

Leo ni sikukuu ya katikati ya kiangazi. Tumesimamisha mlingoti wa maua, tumekula heringi wa siki na viazi vipya, kisha tukauzunguka mlingoti tukirukaruka kama vyura, wazee kwa watoto. Binti yangu Hedvig hakuruka, alikaa kivulini na kichanga chake. Tyra, mwanawe wa kwanza, aliruka kwa niaba ya ukoo mzima. Ana miaka saba na sauti ya kuitia meli. "Bibi," akanipigia kelele mbele za watu, "unaruka kama chura mwenye mimba!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilijivuna. Ulimi ule ameutoa kwangu.

Keki ameleta mkwe wangu, Elis. Ni mwoka keki kutoka Stockholm, mikono laini, mtu anayeweza kukiomba radhi kiti alichokigonga. Jioni tulimkagua Tyra kupe, kama kila siku ya kiangazi. Elis alimwona mmoja nyuma ya sikio, akashika kibano, akaanza kusitasita. Nikamnyang'anya na kumtoa kupe mwenyewe.

22 Juni
Jumamosi. Mume wangu Sixten amempeleka Tyra dukani kuchagua pipi zake za wiki. Siku nyingine hapewi hata moja, kama watoto wote wa huku, lakini Jumamosi hawa wawili husimama mbele ya masanduku ya pipi kwa uzito wa watu wanaonunua nyumba. Tyra huchukua zile nyeusi za chumvi. Mtoto ana akili.

5 Julai
Mvua. Tyra ana homa, mwili unamuuma. Elis anampima joto kila mara. Nimemwambia kipimajoto kitamchosha mtoto kabla ya homa.

9 Julai
Jua limerudi, homa imekwisha. Tyra ameshinda majini.

13 Julai
Ukungu asubuhi, bahari shwari. Naandika nikiwa kwenye kiti cha korido ya hospitali ya watoto, na mwandiko ni wa mlevi.

Tangu juzi alikuwa analalamikia kichwa. Leo alitapika, kisha akakaa mezani, akamwita Sixten kwa jina la paka. Tukacheka. Mkono wake wa kulia ukaanza kucheza, kijiko kikagonga sahani bila kukoma, na Hedvig akamwambia aache. Hakuacha. Mdomo ulienda upande, macho yakageuka, akateleza kutoka kitini, na mwili mzima ukawa unatikisika sakafuni.

Degedege za homa nimeziona kwa watoto wangu mwenyewe. Zinakuja, unalia, zinakwisha. Hii haikwisha. Tulimlaza ubavu, tukapiga simu, tukangoja, tukapiga tena, na bado alikuwa anatikisika. Elis alipiga magoti amemshika kichwa kisigonge mbao, akimwimbia kwa sauti ndogo. Nilimfokea aache kuimba. Aliendelea tu. Helikopta ilitua kwenye uwanja wa mpira, wahudumu wakamtia dawa shavuni, kisha mshipani. Ule mkono ulipumzika kidogo, ukaanza tena.

Hapa daktari anaitwa Ylva, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mbao, unamsikia kabla hujamwona. Amempa dawa ya pili na ya tatu. Kisha akaja kuchuchumaa mbele yetu.

"Ubongo wake umeshambuliwa na virusi, na umevimba. Vya kupe, nina hakika karibu yote. Virusi vyenyewe hatuna dawa ya kuviua, mwili wake ndio utavimaliza. Lakini hii degedege siwezi kuiacha. Kila inavyoendelea ndivyo inavyokuwa sugu, na inamuunguza ubongo."

"Izime basi," nikasema.

"Ndiyo nakwenda kuizima. Nitamlaza usingizi mzito kabisa, mashine imvutie pumzi."

Hedvig aliuliza kama ataamka. Ylva akasema atafanya kila analolijua. Sikupenda jibu hilo, ila nilimpenda kwa kutotudanganya.

14 Julai
Nimemuuliza Elis kuhusu chanjo ya virusi vya kupe. Tyra alipata dozi mbili, ya tatu hakupata.

"Alikuwa na mafua," akasema. "Tukaona tungoje kidogo."

"Mkangoja."

Alipauka. Ylva alikuwa anapita, akasimama. "Ragnhild, nimewahi kumlaza hapa mtoto aliyechanjwa dozi zote. Ukitaka wa kumgombeza, mgombeze kupe." Viatu vyake vikaondoka, kwa, kwa, kwa. Nilikwenda kukaa garini na Sixten.

18 Julai
Joto. Tyra amelala kama aliyechongwa, kichwa kimejaa nyaya. Nilidhani degedege imekwisha kwa kuwa mwili umetulia. Kumbe hapana. Nyaya zinachora mistari kwenye skrini, na mistari bado inaruka. Inaendelea humo ndani kimyakimya. Ylva anaongeza dawa mpaka mistari iwe karibu kulala tambarare, aiache hivyo, kisha apunguze dawa taratibu aone.

22 Julai
Joto. Wamepunguza. Mistari imeruka. Wameongeza.

27 Julai
Joto bado. Jumamosi. Wamepunguza, mistari imeruka. Sixten amevaa koti lake zuri kama kawaida ya Jumamosi, akakaa nalo siku nzima bila kwenda popote.

31 Julai
Vilevile.

3 Agosti
Ngurumo, hatimaye. Ylva ametuita chumba chenye sanduku la karatasi laini za kufutia machozi mezani. Ukiona karatasi hizo unajua.

Alisema dawa za usingizi zinaanza kuuchosha moyo wa Tyra. Haziwezi kuendelea hivi. "Kuna njia moja, ya zamani kuliko dawa zangu zote. Tunamnyima sukari na wanga, tunamlisha mafuta karibu matupu kwa mpira wa puani, mpaka ubongo ubadilishe kuni unazochoma. Watoto wengine ubongo unatulia hapo."

"Mafuta?" akauliza Sixten. "Kama siagi?"

"Kama siagi."

Sixten aliniangalia. Mashine zote hizi, halafu siagi.

"Na isipofaa?" Hedvig akauliza.

"Isipofaa, itabidi tuzungumze kama ni haki kuendelea kumtesa."

"Hilo halizungumzwi leo," Hedvig akasema, akamhamishia kichanga titi la pili. Huyo ni binti yangu.

Nilimgeukia Elis. Nilimtazama nikijiambia sasa atalia. Akasema, "Nani anapima hayo mafuta? Nataka kufundishwa."

5 Agosti
Mawingu. Mtaalamu wa lishe ni Parvaneh, mrefu, mzaha mwingi, macho ya afisa forodha. Amepekua kila kitu kinachomgusa Tyra. Kuna sukari kwenye dawa ya maji ya kifua, kwenye dripu, hata kwenye dawa ya meno. Vyote vimebadilishwa.

"Wewe maisha yako yote umetia sukari," alimwambia Elis. "Sasa utajifunza kuiwinda."

"Nitaiwinda," Elis akasema. "Najua inapojificha, mimi ndiye nilikuwa naificha."

Kwa mara ya kwanza tangu tufike hapa nimemsikia akicheka. Nami nilicheka, bila kupenda.

9 Agosti
Wanamtoboa Tyra kidole kupima kama damu imeanza kujaa ketoni, ndizo zinazoonyesha kwamba mwili unachoma mafuta. Bado kidogo. Mistari vilevile.

11 Agosti
Ketoni zimepanda! Parvaneh amepita koridoni akicheza mabega.

15 Agosti
Upepo wa magharibi, hewa imeoshwa. Leo naandika kirefu, na anayetaka kulala akalale.

Asubuhi Ylva alisema anaanza kupunguza usingizi. Tulisimama wote, kichanga begani mwa Hedvig. Tumeshaona mara nyingi mno: dawa inashuka, mistari inaanza kutetemeka pembeni, halafu inaruka yote. Ylva alishusha kidogo, akangoja. Mistari ilitikisika, nikamshika Sixten mkono nikamuumiza. Ikatulia. Akashusha tena. Nilimtazama Ylva badala ya skrini, kwa sababu uso wake najua kuusoma sasa. Alikuwa ameuma mdomo. Akashusha tena, na tena, akinywa kahawa iliyopoa bila kuionja, mpaka mchana ukapita.

Mwishowe akavua miwani. "Dawa ya usingizi nimeizima kabisa," akasema. "Na hakuna degedege."

Hakuna aliyejua la kufanya. Hedvig alikaa chini sakafuni. Parvaneh alimkumbatia muuguzi, muuguzi akanikumbatia mimi, ambaye sikumbatiwi ovyo. Elis alikwenda kando ya kitanda, akaweka kiganja kwenye paji la Tyra, akasema taratibu, "Umefanya kazi nzuri, mwanangu." Alikuwa hajaamka bado. Hakuna aliyejua ataamka akiwa nani. Lakini nilikuwa na fahari ya kujaza kivuko, kwa mtoto yule aliyelala, kwa mwanamke yule wa viatu vya mbao, na nikaona haya kwamba sikumwambia Elis chochote.

20 Agosti
Msimu wa karamu za kamba wa maziwani. Majirani wamevaa kofia za karatasi na wanaimba mpaka huku. Nimefunga dirisha. Kesho alfajiri narudi hospitali.

24 Agosti
Tyra amefungua macho. Hayamwangalii mtu, yanapita tu. Lakini yamefunguka, na anapumua mwenyewe.

31 Agosti
Baridi kidogo. Anameza! Elis amempa chakula cha kwanza cha mdomoni: krimu nzito, kiini cha yai, siagi. Alipima kila kitu kwenye mzani mdogo, akapika kwenye jiko la wodi, akamlisha kwa kijiko kidogo, kisha akakwangua bakuli mpaka likang'aa, kwa sababu mafuta yanayobaki bakulini ni mafuta ambayo mtoto hakuyapata. Ilichukua saa nzima. Mimi ningetupa kijiko.

Ile mikono laini haitetemeki. Nimeandika, isomwe.

7 Septemba
Mvua ya kukata. Imerudi.

Mchana Tyra alikuwa ameegemea mito, Sixten yuko naye, sisi tumekwenda kula. Jioni mkono wa kulia ulianza kucheza. Nilikuwa wa kwanza kuuona, na nilijua kabla sijajua. Ylva alikuja akikimbia, viatu mkononi. Dawa shavuni, mshipani, ya pili. Haikukoma. Wamemrudisha usingizini, mashine imemrudia, yote yale ya Julai, mbele ya macho yetu, upya.

Parvaneh alimtoboa kidole. Akatazama kipimo, akatoboa kidole kingine. "Ketoni zimeanguka," akasema. "Amekula kitu. Naomba mniambie, si kwa kugombeza. Nataka kujua ni nini ili nijue pa kuanzia. Nani kampa kitu?"

Nilimtazama Elis, naungama. Nilidhani amekosea mizani.

Sixten akasimama. Alikuwa na koti lake zuri. Akatoa mfukoni kifuko cha karatasi cha pipi, akakiweka mezani, kimebaki nusu.

"Ni mimi," akasema. "Ni Jumamosi."

Alisimama wima kama mtu anayengoja hukumu, machozi yanamtiririka na hayafuti. "Nilijua hali sukari. Nilidhani ni siku nyingine za wiki. Nilidhani Jumamosi..."

Kosa hilo halifanywi na mtu mbaya. Linafanywa na babu wa huku tu, ambaye kwake Jumamosi ya mtoto haiguswi, hata na daktari. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumfunika kwa koti langu. Na nilijivunia kwamba alisimama. Wapo wanaume ambao kwao kifuko kile kingeishia chooni.

Elis alitoka nje. Nikajisemea, mwache apasue ukuta, ana haki. Alirudi na kikombe cha kahawa, akamwekea Sixten mikononi. Akakaa karibu naye.

"Alifurahi?" akauliza.

Sixten hakuelewa. "Nini?"

"Ulipompa. Alifurahi?"

"Alitabasamu," akasema Sixten. "Upande mmoja wa mdomo. Alinitazama machoni."

Elis akaanza kulia. "Basi yumo," akasema. "Mimi macho yake hunipita kila siku. Kumbe yumo."

9 Septemba
Mvua imepungua. Ketoni zinapanda tena. Ylva anasema safari hii tumewahi.

11 Septemba
Usingizi umezimwa. Mistari imetulia. Sixten hataki kuingia chumbani.

14 Septemba
Jua la chini, upepo wa kaskazini. Jumamosi.

Elis amekesha jikoni kwa Parvaneh siku mbili. Wamegandisha mafuta ya nazi, krimu na kakao chungu kwenye vibati vidogo viwe pipi, kila kipande kimepimwa na kuhesabiwa ndani ya mlo wa siku. Nilionja. Ni kama kulamba mshumaa wenye heshima. Parvaneh alisema, "Usikunje uso, Ragnhild, mwenzio ameunguza sufuria tatu."

Elis alivitia vipande kwenye kifuko cha karatasi, akashuka hadi maegesho, akagonga kioo cha gari letu.

"Sixten. Unachelewa."

"Sistahili," Sixten akasema.

"Sijaja kukuuliza hilo. Mimi ni baba yake, siku sita napika mimi. Jumamosi ni yako. Panda juu."

Alipanda. Alisimama kando ya kitanda akatoa kimoja. Tyra alikilamba. Upande mmoja wa mdomo ukapanda. Nilitoka koridoni nikasimama peke yangu, kwa kuwa nilikuwa najivunia mkwe, na sikuwa na uso wa kufanyia hilo.

20 Septemba
Nakohoa. Ylva amenipiga marufuku wodini mpaka kifua kiwe safi. Nimebaki kisiwani, nachuma beri za porini na kugombana na Sixten, ambaye yeye anaruhusiwa.

29 Septemba
Ukungu. Elis amepiga simu. Tyra anaongea! Pole pole, maneno mengine yanampotea, lakini anaongea. Amehamia wodi ya mazoezi. Nililia, nikakohoa, nikalia.

Kisha akashusha sauti. "Kuna jambo, Ragnhild. Mambo ya kabla ya kuugua hayapo. Kiangazi, shule, kisiwa. Mimi na Hedvig anatujua kwa kuwa tuko naye. Sixten kwake anaitwa mtu wa Jumamosi."

"Yatarudi?"

"Hawajui. Labda mengine. Labda yote hapana."

6 Oktoba
Upepo. Nakohoa bado. Nimeoka mkate, umeungua.

12 Oktoba
Baridi ya kwanza, majani yamekuwa ya manjano yote. Kifua kimekuwa safi. Hatimaye.

Elis alinipokea mlangoni. Amekonda, mikono imejaa alama za jiko. "Usimlazimishe kukumbuka," akasema. "Inamchosha, halafu analia."

"Sijaja kulazimisha mtu."

Uongo. Njia nzima nilikuwa nimepanga ya kumkumbusha.

Tyra alikuwa mezani, mguu wa kulia umefungwa chuma cha kuunyoosha, nywele zimeanza kuota palipokuwa na nyaya. Mbele yake samaki anaogelea kwenye siagi. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Wewe nani?"

Nyuma yangu nilisikia Hedvig akivuta pumzi. Yale yote niliyoyapanga nikayaacha mlangoni. Nikavua kofia na kumpa mkono, kama unavyompa mtu mnayeonana mara ya kwanza.

"Naitwa Ragnhild. Nilikuwa nahodha wa kivuko."

Aliupokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado mzito. "Mimi Tyra. Nilikuwa nimekufa kidogo."

"Nimesikia."

"Kila mtu amesikia." Akatafuna. "Mbona hukuja kuniona?"

"Nilikuwa naumwa. Kikohozi."

"Kikohozi!" akasema, kwa dharau iliyojaa chumba. "Hicho nacho ni ugonjwa?"

Hedvig aliangua kicheko, nami nikacheka mpaka nikakohoa, nikaona jinsi alivyofurahia kunichekesha. Huyu si mgeni hata kidogo, nikasema moyoni. Mgeni ni mimi tu, na hilo litarekebishika. Nikavuta kiti.

Alikula akinitazama, kisha akaamua kwamba nafaa kuambiwa jambo. Akamwelekezea uma Elis, ambaye alikuwa ametugeuzia mgongo kwenye mzani, anajifanya hasikii.

"Yule pale ananipikia mimi. Anapima kila kitu, hata tone. Hapa hospitali nzima hakuna mwenye baba kama yule." Akainama karibu yangu. "Unamjua?"

"Namjua sana," nikasema, kwa sauti ya kufika pale kwenye mzani. "Yule ni mwanangu."